Sura ya Nne: Nani Atakufunulia Daftari Lake?

Mfanyabiashara atakuonyesha duka, stoo, gari la mizigo, hata msingi wa nyumba anayojenga Kibaha. Daftari hakuonyeshi. Liko chini ya kaunta, kona zimekunjika, jalada limeshikwa kwa selotepu, na ndani yake kuna mambo ambayo hata mdogo wake anayemsaidia kuuza hayajui: nani alichukua mzigo kwa mali kauli na hajalipa tangu Ramadhani, deni la muuzaji wa jumla limefika wapi, kiasi gani kimetoka dukani kikaishia kwenye matofali. Wewe una stashahada yako ya uhasibu, jina la biashara umelisajili BRELA, leseni ya manispaa umeibandika ukutani. Unachokwenda kumwomba mtu huyu ni akufunulie daftari hilo, kisha akulipe kwa kulisoma.

Vitabu vya ujasiriamali hupenda kuanza habari za wateja na matangazo: kadi, vipeperushi, ukurasa wa Instagram. Sina ugomvi navyo. Ila sijamwona mtu aliyemkabidhi mgeni hesabu zake kwa sababu kipeperushi kilipendeza. Mteja wa kwanza wa mtunza vitabu hutoka kwa mtu ambaye ameshakuona ukishika hela isiyo yako, au kwa mtu aliyebanwa na tarehe. Wateja wazuri zaidi hupatikana pale hayo mawili yanapokutana.

Tusiucheke woga wa daftari, maana una historia. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka wakilalamikia kodi, usajili wa stoo na kamatakamata ya kikosi kazi cha kodi, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukaa nao Mnazi Mmoja kuwasikiliza. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Mtu aliyepitia misimu hiyo anajua kwamba karatasi yenye namba inaweza kugeuka ushahidi. Ukimwendea na hotuba ya umuhimu wa kutunza kumbukumbu, yeye anasikia kwamba unataka kumtengenezea ushahidi huo kwa gharama zake mwenyewe.

Halafu fikiria unavyoonekana. Shati limechomekwa, begi la kompyuta begani, faili kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe wa TRA?"

"Hapana mzee, mimi ni mhasibu, nina ofisi yangu hapo—"

"Sisi hesabu zetu ziko sawa, mwanangu. Karibu siku nyingine."

Na anageuka kumpimia mteja misumari. Hajakutukana wala hajakudanganya. Mtaani, kijana mwenye faili anayeulizia mauzo ana maana moja tu, mtu wa mamlaka ya mapato, na hakuna tabasamu litakaloifuta mlangoni. Ndiyo maana nawashauri wanaoanza wasipoteze viatu kuzunguka fremu moja baada ya nyingine. Atakayekubali kwa njia hiyo yupo, lakini mara nyingi ni yule ambaye mambo yake yameharibika kiasi kwamba wahasibu watatu wameshamkimbia.

Nani basi ameshakuona ukishika hela ya watu? Orodha ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Kama uliwahi kuajiriwa, yupo dereva uliyemlipa posho kamili bila kumzungusha, yupo muuzaji uliyekuwa ukimpigia simu kumwambia hundi yake iko tayari. Huyo muuzaji ana biashara yake. Bosi wako wa zamani naye, hasa kama ulipoondoka nafasi yako haikujazwa, anaweza kukubali uje siku moja kwa wiki kwa malipo madogo kuliko mshahara. Mtu aliyewahi kuwa mhazini wa jumuiya, wa msikiti, wa kamati ya harusi iliyoisha bila maneno, ana sifa ambayo haiandikwi kwenye wasifu wake lakini mtaa mzima unaijua. Kamati ya harusi nimeitaja makusudi. Mtu akisoma mapato na matumizi ya harusi hadharani, michango ikalingana na daftari, bakaa ikakabidhiwa kwa maharusi ndani ya bahasha, watu waliokaa ukumbini wanamkumbuka kwa miaka.

Lakini mahali ninapopapenda kuliko pote ni kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa.

Kikoba kina kila kitu ambacho duka linacho, tena hadharani: hisa, mikopo, marejesho, riba, faini za wachelewaji, mfuko wa jamii wa misiba na wagonjwa. Sanduku lina kufuli zaidi ya moja na kila ufunguo una mwenyewe. Mwaka mzima mambo huenda. Desemba inakuja, wanavunja kikoba, kila mtu arudi nyumbani na chake kabla ya sikukuu, na hapo ndipo jumla ya daftari la katibu inapokataa kufanana na hela iliyomo sandukuni. Pengine tofauti ni laki tatu. Kwa kikundi cha watu 30 laki tatu si nyingi, lakini hakuna aliye tayari kuiacha, kwa sababu kila mmoja anadhani anajua aliyeila.

Jitolee kuitafuta. Utakaa na vitabu vidogo vya wanachama, kimoja baada ya kingine, ukivilinganisha na daftari kuu: mama huyu alirejesha elfu hamsini mwezi wa nane, kwake imeandikwa, kwa katibu haimo, yule alilipa faini, ikaingia kwenye mfuko wa jamii badala ya mfuko mkuu, mkopo wa tatu wa mwenyekiti ulihesabiwa riba ya mwezi mmoja badala ya miwili. Mara nyingi hakuna mwizi. Kuna kalamu iliyochoka saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wamesimama wanataka kuondoka. Ukishaipata tofauti, usiitangaze kwanza kikaoni. Mwite katibu pembeni, mwonyeshe, umpe nafasi aieleze mwenyewe mbele ya wenzake. Namna ulivyomsitiri katibu huyo itasemwa mtaani kabla ya ustadi wako wa kujumlisha.

Sasa angalia waliokaa kwenye mikeka hiyo. Mmoja ana mgahawa karibu na stendi, mmoja ana saluni mbili, mmoja anauza vitenge jumla, mwingine anaendesha kituo cha kulelea watoto. Wote wamekuona ukiwa ndani ya hela yao. Hutahitaji kujinadi, utahitaji tu kuwa na simu yenye chaji. Na vikundi vyenyewe sasa vinahitaji kumbukumbu za kueleweka, kwa sababu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka visajiliwe, na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyorudishwa 2024 baada ya kusitishwa, haimfuati mtu asiyeweza kueleza hela yake ya awali ilikwenda wapi. Malipo ya kikundi ni madogo. Yachukue hivyohivyo.

Upande wa pili ni tarehe. Mwenye biashara haamki Agosti akasema leo natafuta mhasibu. Anaamka hivyo akiwa amepigiwa simu. Mwenye wafanyakazi anabanwa na tarehe 7, siku ya mwisho ya kodi ya mishahara ya mwezi uliopita. Aliyesajiliwa VAT anabanwa na tarehe 20. Anayelipa kodi ya mapato kwa makadirio ana 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, na kama mwaka wake wa hesabu unaishia Desemba, ritani ya mwaka inamngoja mwisho wa Juni. Kalenda hiyo ndiyo ramani yako. Januari hadi Machi ndio msimu wa kutafuta, kwa kuwa ndio msimu wa makadirio. Mfanyabiashara anakaa mbele ya afisa, anaulizwa mauzo ya mwaka jana yalikuwaje, anatazama dari. Kinachofuata ni mabishano ya watu wawili wasio na karatasi, na katika mabishano ya namna hiyo mwenye kompyuta ya serikali ndiye anayemaliza. Mtu aliyekwenda na ukurasa mmoja wa mauzo, manunuzi na matumizi, mwezi kwa mwezi, anakaa tofauti kwenye kiti kile. Huo ukurasa ndio bidhaa yako ya Februari.

Kuna na tarehe zisizo za TRA. Benki imeomba hesabu za miaka miwili kabla ya mkopo. Zabuni imetoka kwenye NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali, na inataka taarifa za fedha. Wabia wawili wamenuniana, mmoja anataka kutoka na chake. Mzee amefariki, watoto wanauliza duka lina thamani gani. Haya ya mwisho yana hela lakini yana machozi, na mimi humwambia anayeanza aombe kwanza kukutana na ndugu wote kwa pamoja kabla ya kugusa karatasi yoyote.

Kabla hujaenda mbali, jua nani umwache. Huruma ya watunza vitabu wapya huwapeleka kwa mfanyabiashara mdogo kabisa: mama wa genge, kijana wa chipsi, fundi cherehani. Ni watu wazuri na wanahitaji daftari. Lakini piga hesabu. Sheria ya Fedha ya 2019 ilipanga kwamba mtu mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka, asiye na kumbukumbu, alipe shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alipe asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Wa milioni 7 hadi 11 asiye na kumbukumbu alipe 250,000; mwenye nazo alipe 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Chukua mtu wa milioni 9. Bila kumbukumbu ni 250,000. Akiwa nazo ni 90,000 na 60,000, jumla 150,000. Umemwokolea laki moja kwa mwaka. Ukimtoza elfu hamsini kwa mwezi umechukua laki sita. Hata ukiwa na moyo wa dhahabu, hesabu hiyo haikubali, na yeye ataiona kabla yako, maana kama kuna mtu anayejua thamani ya elfu hamsini ni mama wa genge. Huyo mfundishe kuandika mwenyewe, kwenye kikundi, jioni moja. (Majedwali haya yanaweza kubadilishwa bungeni kila Juni, yasome upya kila Julai kabla hujamtajia mtu namba.)

Mteja anayeweza kukulipa na akapata faida ni wa juu ya hapo: duka la vifaa vya ujenzi, famasi, shule ya awali ya binafsi, kiwanda kidogo cha samani, wakala wa vinywaji, gereji yenye mafundi zaidi ya watano. Biashara yake imekua hadi kichwa chake hakitoshi tena kuibeba, lakini haijafika pa kuajiri mhasibu wa kudumu. Kwake usiende na maelezo ya huduma. Mwombe mwezi mmoja.

Tuseme mwenye duka la vifaa vya ujenzi Tabata amekubali. Mmefahamiana kupitia mkewe, aliye kwenye kile kikoba. Amekupa Septemba tu: daftari la mauzo, daftari la mali kauli, ripoti za Z za mashine ya EFD, taarifa ya Lipa namba, na risiti za manunuzi zilizofungwa kwa rababendi. Malalamiko yake ni ya wote: mauzo yapo, hela haionekani.

Unalinganisha Z na Lipa namba na daftari, siku kwa siku, na unafika kwenye mauzo ya 18,400,000. Kati ya hayo 5,200,000 zimeandikwa kwenye mali kauli, na Septemba hakuna deni la zamani lililolipwa. Kwa hiyo hela iliyoingia ni 13,200,000. Wauzaji wa jumla, ambao huwalipa papo hapo, wamechukua 10,600,000. Kodi ya fremu, vijana wawili, umeme, guta na kirikuu vimekula 1,750,000. Imebaki 850,000, na hiyo anaikumbuka vizuri kwa sababu ilikwenda kwenye ada. Mpaka hapa hujamwambia jipya.

Sasa rudi kwenye zile risiti. Utafute mzigo uliotoka dukani ulinunuliwa kwa bei gani. Simenti, nondo, mabati na rangi ndivyo vinavyobeba mauzo, hivyo unavihesabu kimoja kimoja. Vitasa na misumari unavichukulia kwa wastani. Unapata 15,100,000. Toa kwenye mauzo, toa na matumizi, faida ya mwezi ni 1,550,000. Yeye ameona 850,000. Chora mistari miwili tu mbele yake. Mzigo wa 15,100,000 umetoka, wa 10,600,000 umerudi: rafu zimepungua kwa 4,500,000. Na mafundi wanadaiwa 5,200,000. Duka limetengeneza faida, kweli, ila faida ambayo hakuiona, pamoja na sehemu ya mtaji, imehamia kwa mafundi, iko juu ya mapaa ya watu Kinyerezi.

Atanyamaza kidogo. Kisha atataja jina la fundi mmoja, na jina hilo utakuwa umeshaliona kwenye daftari la mali kauli mara nyingi kuliko yote. Hapo ndipo unapokuwa na mteja. Hukutaja kodi, hukutaja sheria, hukumfundisha neno lolote la darasani. Ulimwonyesha pahali hela yake ilipo.

Jambo la pili utamwambia siku hiyo hiyo, mkiwa wawili, kwa sauti ya kawaida. Mwezi wa namna hii ukijirudia mwaka mzima, mauzo yake yanapita milioni 220. Kizingiti cha kusajiliwa VAT tangu Julai 2023 ni milioni 200, na yeye hajasajiliwa. Usimtishe wala usimfiche. Mwambie tu kwamba ni afadhali lijulikane kwenye meza yenu kabla ya kujulikana kwenye meza nyingine. Nimesikia wahasibu wakilitumia jambo hili kumtia mtu hofu ili asaini haraka. Husaini kweli, na baada ya miezi mitatu simu zao hazipokelewi.

Mauzo ya mteja yakipita kiwango kilichowekwa na sheria, hesabu zake za mwaka zinatakiwa kuthibitishwa na mhasibu aliyeidhinishwa. Kama wewe si CPA mwenye kibali cha kutoa huduma kwa umma kutoka NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, hiyo si saini yako, na usikubali kuandika jina lako pahali ambapo sheria inamtaka mwingine. Uliza Bodi usajili wako unakuruhusu nini kabla hujachapisha kadi. Uwakilishi wa mteja mbele ya TRA kama mshauri wa kodi nao una usajili wake. Mpaka huu wengine huuona kama ukuta. Mimi nauona kama mlango, kwa sababu upande wa pili amekaa mtu mwenye wateja wengi kuliko muda wake.

Nazungumzia ofisi ndogo za ukaguzi, zile za mkaguzi mmoja au wawili na vijana wachache, ghorofa ya pili juu ya duka la simu. Mei na Juni zinafurika. Wateja wanaleta mifuko iliyojaa risiti na kusema "hizi hapa, nikague". Mkaguzi anayejiheshimu hapendi kukagua kitabu alichokiandika mwenyewe, na asiye na aibu hiyo hana muda. Anamhitaji mtu wa kuugeuza mfuko ule uwe vitabu. Mwendee Machi, wakati bado anaweza kukusikiliza dakika kumi, na usimwombe kazi ya kuajiriwa. Mwombe mfuko mmoja, ule ulio mbaya kuliko yote. Ukimrudishia ukiwa na leja inayofunga, usuluhisho wa benki wa miezi yote 12 na orodha fupi ya maswali uliyoshindwa kuyajibu, atakupa mwingine kabla hujashuka ngazi. Hiyo orodha ya maswali ndiyo inayomshawishi. Kuna watunza vitabu ambao hawana swali hata moja, na mkaguzi mzoefu anajua maana yake.

Steshenari zilizo karibu na ofisi za TRA nazo zina utajiri wake. Kwenye benchi la nje wanakaa watu waliokuja kutafuta TIN, kupiga chapa barua, kutuma ritani ambayo muda wake umekwisha. Kenya mahali pa namna hiyo ni saiba, duka la intaneti, na msongamano wake huonekana kila mwisho wa Juni watu wanapokimbizana na ritani za iTax. Tena kule mlango umepanuka zaidi: tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguzwa kwenye kodi ya mapato, na watu ambao hawakuwahi kumjali mtunza vitabu wamejikuta wakimtafuta. Kwa mwenye steshenari au saiba usiende kama mshindani. Anachotaka ni kurasa na foleni inayosogea. Kazi inayomzidi, ile ya mtu mwenye barua tatu za madai na hajui aanzie wapi, atafurahi kukuelekezea, mradi umrudishie uchapaji wote.

Kwenye benchi hilohilo utakutana na kazi za vishoka. Mtu alisajiliwa TIN na kijana asiyemkumbuka jina, barua pepe iliyowekwa ni ya kijana, namba ya simu ni ya kijana, na sasa mwenye biashara hawezi kuingia kwenye akaunti yake mwenyewe. Kumrudishia mtu funguo za akaunti yake ni kazi ndogo yenye shukrani kubwa, na ni kazi ya kwanza nzuri sana. Ifanye mbele ya macho yake. Namba iwe yake, barua pepe iwe yake, nywila aiandike yeye, nawe ugeuze uso anapoiandika. Ataliona hilo. Hata wewe siku moja mtaachana, na anayejua kwamba anaweza kukuacha bila matatizo hana haraka ya kukuacha.

Atakuja pia yule anayetaka vitabu viwili: kimoja cha kwake, kimoja cha TRA. Atakuja mapema, kwa sababu waliokutangulia wameshamkatalia, na atakuja na hela mkononi katika mwezi ambao huna kodi ya pango. Sheria ya kodi inamwadhibu na anayesaidia, hilo unalijua. Ambalo huenda hujalifikiria ni la kibiashara tu. Wateja huleta wanaofanana nao. Huyu akikuleta kwa wenzake atakusifia kwa lile ulilomfanyia, na ndani ya mwaka utakuwa mtaalamu wa vitabu viwili, huku wenye famasi na wenye shule wakiwa wamesikia sifa hizo hizo na kuvuka barabara. Mkatalie kwa upole, umwambie kuna punguzo na nafuu halali nyingi asizozitumia kwa sababu hana risiti. Wengine hurudi kwa hilo.

Sasa bei. Ule mwezi mmoja wa majaribio unaweza kuufanya kwa nusu bei, au bure kama anayeupata ana uwezo wa kulipa unaofuata. Asiye na uwezo wa kulipa usimjaribishie, mtakwama wote. Baada ya hapo toza kwa wingi wa karatasi: miamala mingapi kwa mwezi, akaunti ngapi za benki, Lipa namba ngapi, wafanyakazi wangapi, VAT ipo au haipo. Mwonyeshe umefikaje kwenye namba hiyo. Mfanyabiashara anayejadiliana bei za simenti kila asubuhi hana neno na bei kubwa, ila hapendi bei isiyo na sababu.

Ndugu ni habari nyingine. Shangazi atapiga simu Jumapili: "Mwanangu, si umesomea mahesabu, hebu njoo unitazamie haya ya duka." Shangazi hakataliwi. Nenda, kunywa chai, mtazamie, lakini jibu liwe na mwisho wake: "Shangazi, hii ya leo ni yako bure. Ukitaka niwe nakuja kila mwezi, nitakufanyia bei ya nyumbani, na tutaandikishana." Ukilisema hilo siku ya kwanza ni la kawaida. Ukilisema mwezi wa sita linakuwa kesi ya ukoo. Na ndugu anayelipa, hata kidogo, anakutaja kwa watu kama mhasibu wake. Asiyelipa anakutaja kama mtoto wa marehemu kaka yake anayejua-jua kompyuta.

Kuandikishana si kwa ndugu peke yao. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: utafanya nini, hutafanya nini, karatasi zikabidhiwe lini, nani anahusika na kodi ikichelewa, siri ya mteja inabaki siri, na kumbukumbu halisi zinarudi kwake kwa sababu sheria inamtaka azitunze miaka mitano. Kipengele cha siku ya kukabidhi karatasi wengi hukipuuza wanapoanza, kwa furaha ya kupata mteja. Subiri uwe na wateja wanne wa VAT. Wote wana tarehe 20 ileile, na wote, wakiachiwa, wataleta mifuko yao tarehe 18 jioni. Andika tarehe 10 kwenye barua. Atakayepitisha hapo alipe nyongeza iliyoandikwa humo humo, na mwezi wa kwanza atakapochelewa itoze, hata kama ni yule wa Tabata.